Nta ya Akina Mama wa Nunguni

Sajini Ndeti alianza na pua. Aliingiza kichwa ndani ya stoo ya kiwanda cha uji cha Musyimi, akavuta hewa, akatoka nje, kisha akaingia tena. Palinuka unga uliovunda. Chini ya harufu hiyo kulikuwa na nyingine, ya dawa ya kuoshea sakafu, ile ya kunukia maua. Hiyo ya pili ndiyo iliyomfanya asimame mlangoni. Mtu analalamika kwamba ametapeliwa, halafu anapiga deki kabla ya polisi kuja kutazama?

Musyimi mwenyewe alikuwa nyuma yake na funguo mkononi, na maneno yake alikuwa ameshayatoa kituoni. Hata hivyo aliyatoa upya. Alisema yeye ndiye mtu wa kwanza katika Kitui nzima kuacha kufunga unga wa uji kwa plastiki, kwa kuwa plastiki hizo zimejaa kwenye mito ya mchanga na mbuzi wanazila wanakufa matumbo yameziba. Akaenda kuandikiana na kikundi cha akina mama wa Nunguni, upande wa Makueni, wanaotengeneza karatasi kwa mashina ya migomba na kuipaka nta ya nyuki ili unyevu usipite. Mkataba ulisema nta ya nyuki na si kitu kingine. Pakiti zikaja, zikajazwa unga wa wimbi na mtama, zikapangwa stoo zingojee kusambazwa. Siku ya kuzitoa zilikuwa zimelegea kama matambara, na unga ulikuwa umeshikana mabonge na kuingia funza. Zile zilizokuwa zimetangulia madukani zikarudishwa.

"Walipaka mishumaa," alisema Musyimi. "Mishumaa ya dukani, mafuta ya petroli hayo. Mimi nimesimama mbele ya wakubwa nikasema pakiti yangu ni safi, kumbe wale wamama wananicheka."

Na mishumaa ilikuwa imepatikana kweli. Polisi walipopekua chumba cha kazi kule Nunguni walitoka na katoni nzima. Mwenyekiti wa kikundi, Wavinya, akaletwa Kitui, akatiwa ndani kwa kosa la kujipatia mali kwa udanganyifu. Hakuna aliyemwuliza swali la maana. Mkuu wa kituo, Kiema, alikuwa mtu wa kupiga saluti gari kabla ya kutazama ni nani aliyemo, na gari la Musyimi lilikuwa kubwa. Alimwambia Ndeti amalize faili upesi, mama apelekwe kortini, watu waendelee na maisha. Hao ndio wanaotuongoza. Wakitaka mtu wa kufunga, hawatafuti mbali, wanamtwaa aliye karibu na asiye na gari.

Ndeti aliuliza kama pakiti zote ziliharibika.

"Zote."

"Hata za juu kabisa?"

Musyimi alitazama simu yake, akasema kuna mtu anamtafuta, akatoka.

Pakiti zilikuwa zimerundikwa pembeni ovyo. Ndeti alichuchumaa akaanza kuzigeuza moja moja. Hazikuwa sawa. Baadhi zilikuwa ngumu, zinang'aa, ukizigonga kwa kucha zinalia. Nyingine zilikuwa zimelegea kabisa. Na nyingine, hizi ndizo alizoziweka kando, zilikuwa zimelegea upande mmoja tu: chini zimekufa, juu zimesimama imara. Zote zilikuwa zimeshonwa mdomo kwa uzi wa mkonge uliotiwa rangi nyekundu ya udongo. Akachukua chache za kila aina, akazitia katika mfuko wa khaki, akaandika tarehe.

Unyevu ulipanda kutoka chini. Hilo lilikuwa wazi. Lakini sakafu ilikuwa ya saruji, kavu, na imepigwa deki mpaka inateleza.

*

Wavinya alikuwa ameketi kwenye benchi la mahabusu kama mtu aliyefika mapema kanisani. Kitambaa cha kichwani kilikuwa kimefungwa sawasawa. Wasichana wawili waliokamatwa kwa pombe haramu walikuwa wamempisha nafasi nzuri karibu na dirisha, na mmoja alikuwa amelala kichwa kwenye bega lake.

Ndeti alimsalimu kwa heshima, akamwita mwaitu, yaani mama, kwa maana kwa umri angeweza kumzaa. Akamweleza kwamba mishumaa ya katoni ndiyo inayomfunga, na kwamba ni vizuri aseme ilikuwa ya kazi gani.

"Ya kuona," alisema Wavinya.

"Kuona nini?"

"Wewe Ndeti, mshumaa unaonyesha nini? Ukiwasha unakuonyesha shida zako vizuri zaidi." Yule msichana wa begani alicheka macho yakiwa yamefungwa. "Stima ya Nunguni hupotea. Kazi haingoji stima."

Ndeti alimwuliza kama kuna mtu katika kikundi angeweza kuchanganya nta na mshumaa bila yeye kujua. Mama alisema polepole kwamba kundi lao lilianza kwa kusuka vyondo, vile vikapu vya mkonge, na kwamba chondo kibaya kikitoka mkononi mwa mmoja, wote walikaa chini wakakifumua, mwenye nacho akiwa hapo hapo anatazama. Hawakuacha mtindo huo walipoingia kwenye karatasi. Kila pakiti hupita mikono ya wengine kabla ya kufungwa.

"Wakinipeleka kortini," alisema, "kifungo si kitu, nitafungwa nitatoka. Lakini hakimu akisema nta yetu ni ya uongo, nani tena atanunua pakiti ya mgomba? Siyo yetu tu. Ya mtu yeyote. Watarudi kwenye plastiki, na watasema tulijaribu, wamama wakatuibia."

Ndeti alifunga kalamu.

*

Alikwenda Makueni kwa pikipiki yake mwenyewe, kwa sababu gari la kituo lilikuwa limempeleka mke wa mkuu sokoni. Njiani, pale Mukuyuni, alisimama kwenye duka ambalo jina lake lilikuwa kwenye katoni ya mishumaa. Mwenye duka aliitwa Salama, mjukuu wa watu waliotoka pwani zamani wakafungua biashara hapo, na Kiswahili chake kilikuwa bado kina chumvi. Alikiri bila kusita kwamba akina mama wa Nunguni hununua mishumaa kwake.

"Wengi?"

"Wengi. Na kinyozi wa Nunguni pia. Na mwenye hoteli, na mchungaji, na mwalimu mkuu. Stima ya kule juu, Sajini, ni kama mume mlevi, ikiondoka hujui itarudi lini. Kama kununua mishumaa ni wizi, basi chukua lori, ufunge mlima mzima."

Ndeti aliandika maneno hayo, ila alijua hayatoshi. Mshumaa wa kuonea na mshumaa wa kupaka hutoka katoni moja. Wakili wa Musyimi angeyapuliza yakaruka.

Akapanda Nunguni. Ukungu ulikuwa umekaa mashambani, na migomba ilishuka mteremko mpaka kijitoni. Chumba cha kazi cha akina mama kilikuwa zamani ghala la kahawa, siku ambazo kahawa ilikuwa na faida, kabla wenye kuisimamia hawajaila mpaka mizizi. Mashina ya migomba yalikuwa yakichemka kwenye pipa. Wanawake wawili walikuwa wakitwanga nyuzi zilizolainika ndani ya kinu, na wengine walikuwa wakizitandaza juu ya vyungio vya wavu ziwe karatasi. Hakuna aliyeacha kazi kwa sababu polisi ameingia.

Msaidizi wa Wavinya alikuwa Mutanu, mwanamke mfupi mwenye mikono ya mtu wa kupasua kuni. Alikuwa anapiga karatasi pasi, pasi ya makaa, na chini ya pasi nta ilikuwa ikiyeyuka na kuingia ndani ya karatasi mpaka ikageuka rangi ya chai.

"Sajini, umekuja kunusa au kununua?"

"Kunusa kwanza."

"Basi nusa hii." Akamsogezea bonge la nta chini ya pua. Lilinuka asali na moshi wa mzinga, na ndani yake bawa la nyuki lilikuwa limekwama. "Hii imetoka kwenu huko Kitui. Nyuki wa Kitui, mgomba wa Makueni. Hiyo ndoa tuliifunga sisi, hakuna mkubwa aliyetuozesha."

Ndeti alimwuliza kuhusu uzi mwekundu. Mutanu alieleza kwamba kila mzigo una rangi yake ya uzi, ili ukirudi na kasoro wajue ulitoka siku gani na mikononi mwa nani. Mwekundu ndio ule uliokwenda kwa Musyimi. Na kila mzigo ukienda, pakiti kadhaa hubaki Nunguni, zinaning'inizwa darini.

Sajini alisimama juu ya kigoda, akazishusha mwenyewe, akazikagua. Uzi mwekundu. Ngumu. Mutanu akachota maji kwa kikombe, akajaza mojawapo mpaka shingoni, akaitundika kwenye msumari. Kisha akampa mgeni chai. Ndeti alikunywa chai yote huku akiitazama pakiti. Alitoka akaenda kuona pipa, akapitia shamba, akarudi. Hakuna tone lililokuwa limeanguka chini.

"Na mtu akimaliza uji wake, pakiti anaifanyia nini?"

"Atupe tu. Itaoza shambani. Mbuzi wangu alikula tatu, akaongeza maziwa." Wale wa kwenye kinu walicheka, mmoja akasema mbuzi huyo ndiye mteja wao wa kweli, halalamiki polisi. Mutanu hakucheka sana. Aliweka pasi chini. "Mwambie Wavinya kazi haijasimama. Mwambie hivyo hivyo, usimwongezee."

Ndeti alichukua pakiti mbili za darini, kipande cha bonge la nta, na mshumaa mmoja. Kila kitu katika mfuko wake, kila mfuko na tarehe. Mzigo ulikuwa mmoja, uzi mmoja, mikono ile ile. Pakiti za Nunguni zilishika maji. Za Kitui zilikuwa zimekufa kuanzia chini. Basi ubaya haukuwa umetoka Nunguni. Ulikuwa umezingojea Kitui.

*

Siku iliyofuata alisimama penye mfereji nyuma ya kituo akiosha unga uliogandamana kwenye mojawapo ya pakiti zilizolegea, apate kuona karatasi yenyewe. Alifungua maji kidogo, akasugua kwa kidole gumba. Kidole kiliteleza. Akasugua tena, na povu jembamba likatokea.

Alizima mfereji. Tangu mke wake afe katika hospitali ambayo wakubwa waliifungua kwa kukata utepe kisha wakasahau kuleta dawa, Ndeti alikuwa anafua nguo zake mwenyewe, na mkono unaofua hausahau sabuni. Hii ilikuwa sabuni. Lakini pakiti ya uji inatoa wapi sabuni?

Akachukua ile ngumu, akaisugua kwa maji yale yale. Maji yalitiririka yakaondoka. Hakuna utelezi wala povu.

Wazo la kwanza lilikuwa ile dawa ya sakafu. Alirudi kiwandani akamtafuta mtunza stoo, mwanamume wa makamo aliyeitwa Nthiwa, mzaliwa wa Kalamba, mwenye koti la kazi lililofuliwa likachakaa. Nthiwa alisema sakafu aliiosha yeye, kwa dawa, lakini baada ya pakiti kuhamishwa pembeni. Dawa haikuzigusa.

"Na kabla ya kuosha, sakafuni kulikuwa na nini?"

Nthiwa alianza kukunja kona ya koti lake.

"Nimekuuliza, mzee."

"Afande, mimi nilitaka kuzilinda."

"Kuzilinda na nini?"

"Mchwa. Karatasi ya mgomba, mchwa anaipenda kuliko mbao. Kwetu huwezi kuweka kitu kama hicho chini bila jivu. Hata kunde, hata mahindi, hata mlango wa ghala. Mama yangu alikuwa anamwaga jivu kwanza, ndipo analaza gunia. Nilitoa jivu jikoni, nikalitandaza vizuri, nene, ukuta hadi ukuta. Ndipo nikapanga."

Ndeti alitazama sakafu, akatazama mlango. Kizingiti kilikuwa chini kuliko uwanja wa nje. Mvua za vuli zilikuwa zimenyesha vibaya mwezi ule. Hakuwa na haja ya kuuliza maji yaliingilia wapi, ila aliuliza, na Nthiwa akamwonyesha.

"Kwa nini uliziweka chini? Kiwanda cha unga hakina paleti?"

Zilikuwepo, alisema Nthiwa, paleti za mbao nzuri, na pakiti za kwanza zilipangwa juu yake. Halafu ikaja siku ya kuzindua ile pakiti. Wakubwa walikuwa wanakuja kutoka mbali kusema habari za mazingira, na wakubwa hawasimami mavumbini. Musyimi akaamuru paleti zibebwe uwanjani zijengewe jukwaa. Watu wakahutubu, wakapiga picha na pakiti mkononi, wakapewa chakula, wakaenda. Jukwaa likabaki.

"Hukuomba zirudishwe?"

"Niliomba mpaka nikaambiwa nisimsumbue bosi. Ziko huko mpaka leo, afande. Watu wa bodaboda wanalala juu yake mchana."

"Na deki? Ulipiga kwa akili yako?"

Nthiwa aliiachia ile kona ya koti. Kisha alieleza kwamba unga ulipoharibika Musyimi aliingia stoo, akaona jivu limegeuka tope la kijivu, akainama akaligusa. Akamwambia Nthiwa asafishe kila kitu, na akiulizwa, aseme pakiti zilikaa juu ya paleti siku zote. Ndipo akawasha gari akaenda polisi.

"Nitafungwa?" aliuliza Nthiwa.

"Kwa kumwaga jivu? Wakianza hapo watamfunga pia mama yangu, na alishakufa." Ndeti alimgeuzia karatasi. "Soma. Kama ndivyo ulivyosema, tia sahihi."

*

Sasa alikuwa na shahidi, lakini shahidi ni maneno, na maneno ya mtunza stoo mbele ya maneno ya mwenye kiwanda huwa mepesi. Alitaka kitu ambacho Kiema angekiona kwa macho yake. Akamwomba mkuu waende kiwandani pamoja. Kiema alikubali kwa kuwa kwa Musyimi kulikuwa na chai ya maziwa.

Ndeti aliweka jiko uani, na sufuria mbili ndogo. Akachuja maji ya jivu kwa kitambaa, akagawa sawa. Musyimi alisimama mikono kifuani, akauliza kama polisi siku hizi wamekuwa wapishi.

"Nitapika kidogo tu, bwana."

Maji yalipochemka alifungua mfuko wenye tarehe, akatia kipande cha mshumaa katika sufuria ya kwanza. Ukayeyuka, ukaelea juu kama mafuta, maji chini yake yakabaki vile vile. Alikoroga. Ulitawanyika, ukarudi ukaungana. Jivu halikuufanyia lolote.

Katika sufuria ya pili alitia kipande cha nta kutoka bonge la Nunguni. Ikayeyuka, akakoroga, na maji yakaanza kubadilika polepole, yakawa meupe kama maziwa. Alichovya kijiti, akamdondoshea Kiema mkononi yalipopoa, akamwambia asugue.

"Ni sabuni," alisema Kiema.

"Karibu kuwa sabuni. Jivu likilowa hula nta ya nyuki. Halina haja ya moto, likipewa majuma na mvua linaila polepole, kuanzia chini." Alimpa ile pakiti iliyolegea upande mmoja, akamwonyesha mpaka wake, mahali kifo kilipoishia. "Hapa ndipo unyevu ulipofika. Juu yake, hakuna kilichotokea."

Musyimi alisema hiyo inathibitisha tu kwamba Ndeti anacho kipande cha nta. Haithibitishi walichopaka wale wamama.

Huo ndio mlango ambao Sajini alikuwa anangoja Musyimi aufungue. Alimwaga maji ya mshumaa, akatia maji mengine ya jivu. Kisha akaingia stoo pamoja nao wote wawili, akamwomba Musyimi achague mwenyewe pakiti ngumu yenye uzi mwekundu kutoka katika rundo lake mwenyewe. Musyimi alichagua, ikabidi achague, mkuu wa kituo alikuwa anatazama. Ndeti akaipasua mbele yao, akakwangua mng'ao wake kwa kisu, akautia sufuriani.

Walisimama watatu wakitazama maji. Nthiwa alikuwa amesimama mlangoni mwa stoo, na wafanyakazi wawili nyuma yake. Maji yakapauka, yakapauka zaidi, yakawa maziwa.

Kiema alichovya kidole bila kuambiwa.

"Bwana Musyimi," alisema Ndeti, "kama wale wamama wangekuibia, kama wangepaka mishumaa, unga wako ungekuwa salama mpaka leo. Jivu lisingeugusa. Mali yako imeharibika kwa sababu walikupa nta ya kweli."

Mwenye kiwanda aligeuka akamnyooshea kidole Nthiwa. Basi huyu ndiye, alisema, huyu ndiye aliyemwaga jivu, mfunge huyu. Ndeti alimwuliza paleti nani alizitoa. Akamwuliza deki nani aliiamuru, na kwa nini iliamuriwa kabla ya kwenda kushtaki mtu. Mambo hayo aliyauliza taratibu, kalamu ikiwa tayari, kama mtu anayeulizia njia. Musyimi alishusha kidole. Chai ya maziwa ilikuwa imeletwa kwenye sinia, na hakuna aliyeichukua, hata Kiema.

*

Njiani kurudi kituoni, mkuu alikuwa na wasiwasi wake. Alisema mambo haya yanaweza kumalizwa kimya. Mama aachiliwe, faili liandikwe kwamba ushahidi haukutosha, na habari ya Musyimi kuleta taarifa ya uongo itazamwe polepole, maana huyo ni mtu mkubwa. Ndeti alisema shtaka la taarifa ya uongo ameshaliandika na limeshatiwa namba. Kiema alikohoa akatazama dirishani.

Pale kituoni watu walikuwa wengi, siku ya soko, foleni imefika nje. Ndeti alifungua mahabusu akamwambia Wavinya yuko huru. Mama hakusimama.

"Nta ilikuwa ya nini?" aliuliza.

"Ya nyuki. Nimeipika mbele yao."

"Na wameandika nini?"

Ndeti akamwambia kweli: mkuu anataka kuandika kwamba ushahidi haukutosha.

Wavinya alitengeneza kitambaa chake. "Haukutosha," alisema. "Yaani tumeiba, lakini vizuri." Akajisogeza kwenye benchi, akaegemea ukuta. "Sitoki. Mwambie nitangoja."

Wale wasichana wa pombe walishangilia. Ndeti akaenda akamwambia mkuu kwamba mshtakiwa amekataa uhuru. Kiema alikuja mwenyewe, akabembeleza, akamwita mama, akamwita mwaitu, akasema gari la kituo litampeleka mpaka Nunguni. Wavinya alimsikiliza mpaka mwisho kwa adabu, kisha akamweleza kwamba alipoingizwa hapa, askari wa kaunta alisema kwa sauti mbele ya watu wote kwamba huyu ni mwizi wa mishumaa. Watu hao wana masoko yao na makanisa yao, na neno lilishatembea. Yeye hataki gari. Anataka neno lingine litembee nyuma ya lile.

Mwishowe Kiema aliandika. Aliandika kwamba pakiti za kikundi cha Nunguni zilipimwa, nta yake ni ya nyuki, na lawama zote zimefutwa. Akatia sahihi. Alitaka kumkabidhi karatasi pale pale mlangoni mwa mahabusu, lakini Wavinya alitoka akampita, akaenda akasimama mbele ya kaunta, mahali alipotukanwa, akakunja mikono.

"Soma," alisema.

Mkuu wa kituo alitazama foleni, na foleni ikamtazama. Akaanza kusoma, sauti ikiwa ndani ya kola. Watu walinyamaza. Alipofika mwisho alikunja karatasi akampa kwa mikono miwili.

Wavinya hakuipokea bado. Alikuwa anatazama nyuma kabisa ya foleni, nje ya mlango, alikosimama bibi mmoja na kikapu cha maembe, mkono nyuma ya sikio.

"Soma tena, mkubwa," alisema. "Yule mama wa nyuma hajasikia."